Mwisho wa Inspekta Zege, Ulioandikwa Kituntu

Jumapili, 2 Novemba 1986

Msiba kibarazani! Inspekta Zege amefungwa kamba kwenye kiti, hotelini Dar es Salaam. Bwana Salfa, muuaji, ameshika kiberiti. Na kitabu kimekwisha. Si hadithi iliyokwisha. Kitabu! Kurasa za mwisho hazipo.

Bi Mwanahalima, mwenye duka na mwenye kitabu, aligeuza jalada, akalitazama nyuma, akamwita Shabani. Huyu ni mpwa wake, ndiye anayeuza tumbaku dukani. Shabani alikiri hapo hapo. Karatasi za kufungia zilikuwa zimemwishia na kitabu kilikuwa karibu na mkono. Alijitetea kwamba alianza kuchana kutoka nyuma ili asituharibie mwanzo.

Watu waliguna. Tangu Agosti tunakaa kwenye kibaraza cha duka lake kila Jumapili baada ya misa, Bi Mwanahalima akitusomea kwa Kiswahili chake cha Pangani ambacho hata akikutukana unatamani aendelee. Mzee Rwezaura alisema hawezi kurudi kwenye migomba yake bila kujua kama Inspekta ameungua. Mke wangu Kantengwa alikuwa na machozi.

Hapo nikasimama. Nikatangaza kwamba mwisho nitauandika mimi, Athanasi Mbonimpa, fundi cherehani wa kibaraza hikihiki. Makofi! Bi Mwanahalima hakupiga. Alisema haya, tutaona.

Jumatano, 5 Novemba

Naandika! Nashona kidogo, naandika sana. Nimeweka mfuko wa nyuma wa kaptula ya mwalimu upande wa mbele. Nilimwambia ndio mtindo mpya wa Bukoba. Alifurahi.

Usumbufu haukosekani. Polikarpi, mtengeneza baiskeli, tunagawana kibaraza na ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tukichunga mbuzi. Leo aliniomba nisikilize wimbo aliotunga kwa ajili ya kwaya. Nilivumilia mpaka ubeti wa pili. Nikamwambia unafanana na mtu anayeteremka mlima bila breki, na kwamba sauti ya pili ameitunga akiwa na njaa. Aliinamia tyubu yake, akaitafutia kiraka mpaka mchana. Mimi rafiki yangu simfichi kitu.

Jioni nilimsomea Kantengwa sura yangu akichambua maharage. Alisema ni nzuri. Lakini hakuacha kuchambua.

Jumapili, 9 Novemba

Siku mbaya kuliko zote!

Ilianza vizuri. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilizunguka, Bi Mwanahalima akichukua kwanza kama mwenyeji, kisha kila mtu na punje zake mdomoni. Nikasoma mwenyewe, nimesimama. Panya anakuja, anakata kamba. Inspekta Zege anasimama, na hapo nikaeleza koti lake: kola, bitana, vifungo, jinsi lilivyokaa mabegani. Ukurasa mzima, kazi safi. Bwana Salfa anaona koti lile, anatubu, anabatizwa. Rozina, yule msichana wa mapokezi, anaolewa na Inspekta. Wageni wote wa hoteli wanashonewa nguo mpya.

Bi Mwanahalima akavua miwani.

Alisema Inspekta anakaribia kuungua na mimi namhesabia vifungo. Alisema yule panya ana akili kuliko Inspekta, basi angepewa yeye cheo. Alisema Bwana Salfa ameua watu tangu ukurasa wa kwanza, hawezi kutubu ghafla kwa sababu tu karatasi ya fundi imekaribia kwisha. Alisema Rozina alikuwa na maneno mengi kitabu kizima, akafika kwangu akawa anajua neno moja tu, ndiyo. Mwisho alisema kumbe Shabani alipochana alituokoa, ila hakuchana vya kutosha.

Watu walicheka! Kantengwa aliziba mdomo kwa kanga, lakini mabega yalimsaliti. Mzee Rwezaura peke yake alinisifu sana. Alikuwa amelala tangu panya.

Jumatatu, 10 Novemba

Sikula. Nimefikiri. Mtu ambaye hakulipwa, hakutumwa, hakusomea, ameandika kwa mapenzi tu ya Inspekta Zege. Je, ni haki kumsema hivyo mbele ya watu? Yule mwandishi wa Dar es Salaam analipwa, asemwe yeye! Mimi nimetoa bure. Mtu akikupa ndizi bure unamwambia ni ndogo?

Nilimweleza Kantengwa hoja hii yote. Alisema ni kweli sikuchukua hela ya mtu, lakini niliwakalisha watu mpaka ndizi zikaungua jikoni, na ndizi si bure. Nilimuuliza yuko upande gani. Alisema upande wa jikoni.

Nimeamua. Sikai tena kwenye kibaraza cha mwanamke yule. Nimehamishia cherehani ng'ambo ya barabara, chini ya bati la stoo ya zamani ya Mzee Kahigi. Polikarpi aliibeba kwenye keria ya baiskeli yake. Njiani aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia heshima ya mtu haina bei. Akasema sawa, ila hapo kwa Kahigi panavuja.

Jumatano, 12 Novemba

Panavuja.

Mvua tangu asubuhi. Maji yanadondoka juu ya gurudumu la cherehani na mkanda unateleza. Mteja mmoja tu amekuja, kujikinga mvua. Kuku wa Kahigi ametaga ndani ya sanduku la vitambaa.

Kutoka hapa naona kibaraza chote. Naona mahali pangu, pakavu. Bi Mwanahalima hajaweka kitu pale. Nadhani anataka nione.

Mchana alimtuma Shabani kuniuliza kama Inspekta atatoka kwenye kile kiti Jumapili hii. Dharau! Nikamjibu amwambie Inspekta amekufa. Shabani alirudi akikimbia. Nilimwona Bi Mwanahalima akishika kifua. Baadaye Shabani alikuja tena kuuliza amekufa vipi.

Na hapo hapo, chini ya bati lile, nikapata wazo. Wazo kubwa! Huyu mama hapingi hadithi, anapinga jina langu. Laiti angedhani maneno yaleyale yametoka Dar es Salaam, angeyasoma kwa adabu. Basi atayapata kutoka Dar es Salaam. Kurasa zilizopotea zitaonekana.

Ijumaa, 14 Novemba

Jana nilikwenda Nyakahanga kwa baiskeli ya Polikarpi. Kule yuko Immaculata, binti wa shangazi yangu, anapiga taipu kwenye ofisi moja, na herufi za mashine yake hazitofautiani sana na za kitabu. Alikubali kunipigia mwisho mpya kwa blauzi ya mikono mifupi. Mwisho huu nimeuandika upya kabisa. Panya nimemtoa, si kwa sababu ya maneno ya mtu. Nilishaanza kumchoka mwenyewe.

Sasa Bwana Salfa anajifanya rafiki. Anamfungua Inspekta, anamkaribisha kahawa ya kutafuna, imetiwa sumu. Lakini Salfa hakuchukua punje yake kwanza! Anamsogezea mgeni kikapu, mikono yake mwenyewe imetulia. Inspekta akajua papo hapo. Nilipoandika sehemu hii nywele zilinisimama.

Leo nimezeesha karatasi. Nimezilowesha kwenye chai, nimezianika juani, nimezisugua na tumbaku. Kantengwa alirudi kutoka kisimani akauliza chai iko wapi. Nilimwonyesha kamba ya nguo. Ukurasa mmoja ulipeperuka na mbuzi akaulamba pembeni, ukawa mzuri kuliko yote.

Polikarpi atasema alinunua tumbaku mnadani Rugu, kwa mchuuzi anayechukua kwa Shabani, akafungiwa kwa karatasi hizi. Pia nimempa kazi ya kupiga makofi kwenye sehemu muhimu. Aliniuliza atazijuaje. Nilimwambia anitazame, nitakuna sikio.

Jumapili, 16 Novemba

Naandika kabla hata sijavua kofia.

Polikarpi alitoa kurasa. Alisahau kutaja Rugu, akasema zimetoka kwenye tumbaku, basi. Bi Mwanahalima alizipokea kwa mikono miwili. Akazinusa. Akavaa miwani. Akaanza kusoma.

Jamani! Maneno yangu kwenye sauti ile! Sikujua kama naweza kuandika hivyo. Bwana Salfa alipoachia kamba, Mzee Rwezaura alikuwa macho kabisa. Salfa aliposogeza kikapu bila kuchukua punje, Kantengwa alipiga ukelele, usichukue! Watu wote wakaitikia, usichukue! Nilisikia machozi, nikaona nikune jicho, nikakuna na sikio kwa bahati mbaya. Polikarpi akapiga makofi peke yake, wakati Rozina anazimia.

Bi Mwanahalima alimaliza. Akakunja karatasi polepole. Nikasubiri.

Aliuliza kama kuna mtu hapa amewahi kufika Dar es Salaam. Yeye mwenyewe amekaa huko, kwa kaka yake. Aliuliza ni muuaji gani wa Dar es Salaam anayezunguka hotelini na kikapu cha kahawa ya kutafuna. Na ni askari gani wa huko anayejua kwamba mwenyeji huchukua kwanza ndipo amsogezee mgeni. Alisema watu wa huko ukiwapa punje hizi watauliza maji ya moto yako wapi. Kisha akasema mwandishi wa kurasa hizi anaishi karibu sana, na ana bati linalovuja.

Shingo zote zikageuka. Polikarpi akapiga makofi tena. Sijui kwa nini, sikuwa nimekuna kitu.

Nilichukua kofia yangu nikaondoka. Nyuma yangu nilimsikia akisema kitu kingine, kwamba mahali pale pa kikapu ndipo pekee alipoamini, na mengine yote yatupwe. Sikugeuka. Mengine yote yatupwe! Bado anasema!

Jumatatu, 17 Novemba

Sitaandika tena maisha yangu yote. Kantengwa ameuliza kama basi anaweza kunywa chai.

Nitakuwa mkweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Naumwa. Si koo wala tumbo. Nawaza Jumapili zijazo, watu wanakaa pale, na mimi nipo ng'ambo na kuku wa Kahigi. Kitabu hakina mwisho na mimi sina kibaraza. Kwetu sisi tuliohamia na wazazi, mahali pa kukaa na watu ni kitu kikubwa. Baba alikuja Kituntu kutoka Rwanda na mkeka mmoja, na kibaraza cha kwanza kumkaribisha akae kilikuwa kile.

Jumanne, 18 Novemba

Mambo!

Asubuhi, mvua nyepesi. Nainua kichwa, namwona Bi Mwanahalima anavuka barabara. Yeye mwenyewe! Magoti yake mabaya, tope lote lile, mwavuli wa marehemu mume wake. Nilitaka kujifanya natia uzi kwenye sindano. Lakini mdomo ulishasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi la wateja, na tone la kwanza likamdondokea kwenye ushungi.

Alitoa kikapu chake kidogo cha kahawa, kile chenye mfuniko. Akafungua. Akachukua punje, akatia mdomoni, akatafuna taratibu akinitazama. Ndipo akanisogezea.

Nilichukua. Ningefanyaje? Mtu akishatafuna mbele yako huwezi kukataa.

Nikamuuliza waziwazi. Je, ni haki kumsema vile mtu ambaye hajifanyi mwandishi, aliyeandika bure, kwa kupenda tu? Alitafuna punje nyingine. Kisha akasema angeweza kuniita pembeni. Kunisema mbele ya watu, mke wangu akiwepo, lilikuwa kosa, na kwa hilo ananiomba radhi. Lakini kwa yule panya, hapana. Kwa panya haombi radhi mpaka anaingia kaburini.

Halafu akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo:

“Mwanangu Athanasi, kitu nisichokijali mimi nakisifu, kipite. Si unaona ninavyozisifu hadithi za vita za Rwezaura? Wewe Jumapili ile ulinikasirisha mpaka nikasahau kufunga duka. Tangu afariki mume wangu Abdulrahim sijakasirika vile. Yeye alikuwa akiimba, nami namkosoa kila usiku. Sasa nani aniudhi? Shabani?”

Akasema tangu nihame, kibarazani hakuna sauti ila pampu ya Polikarpi. Akasema kama nataka kuandika, nimlete huyo Inspekta hapa hapa, mahali ninapopajua, niache kuhangaika na mahoteli.

Nilimwambia macho yangu yana maji ya bati. Alisema ndiyo, hata yake.

Mchana Polikarpi alibeba cherehani kuirudisha. Kuku wa Kahigi alitufuata mpaka katikati ya barabara.

Jumapili, 23 Novemba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nilisoma mwisho wa kweli. Bwana Salfa anawasha kiberiti, kinazimika. Anawasha kingine, kinavunjika kichwa. Cha tatu kinatoa moshi tu. Ni viberiti vilevile vya dukani kwa Shabani! Watu walicheka mpaka Mzee Rwezaura akaanguka kutoka kwenye benchi. Shabani alijificha nyuma ya gunia la chumvi. Salfa anakata tamaa, anakimbia, treni mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba, lori mpaka Kituntu. Rozina ndiye anayemfungua Inspekta, na anamsema vibaya njia nzima kwa uzembe wake. Wanamkuta Salfa amejificha kwa mjane mmoja, anajifanya mwenyeji. Anawasogezea kahawa. Hakuchukua kwanza.

Usichukue! Kibaraza kizima. Hata Bi Mwanahalima. Hasa Bi Mwanahalima! Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga.

Kisha akakosoa, bila shaka. Koti bado ni refu mno. Treni haiendi kasi vile. Yule mjane amependeza kupita kiasi, na mbona anafanana na mtu anayemjua. Nilisikiliza nikiwa nimetulia, mguu juu ya mguu. Kosoa, mama, kosoa! Nimekomaa. Naweza kusema kwamba sasa najua jambo hili la ukosoaji linavyopaswa kuwa, kutoka pande zote.

Watu walipotawanyika Polikarpi alibaki. Alikuwa anasugua mikono kwenye suruali. Akatoa karatasi. Ameandika yanayoendelea baada ya mwisho wangu! Inspekta Zege anabaki Kituntu. Aliniomba nisome nikipata nafasi.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimesoma. Masikini Polikarpi!

Inspekta anamfukuza mwizi wa kahawa kwa baiskeli. Vizuri. Tairi linapata pancha. Vizuri. Kuanzia hapo ni kiraka. Ukurasa mzima! Anatoa tyubu, anaitia kwenye maji, anatafuta mapovu, anapiga msasa, anapaka gundi, anasubiri gundi ikauke. Mwizi kumbe amefika Uganda.

Nilimwambia ukweli, kwa upendo. Nilimwambia mwizi yuko mbioni na yeye anapaka gundi. Nilimwambia Inspekta wangu si fundi baiskeli. Nilimwambia hata baiskeli yenyewe ina maneno mengi kuliko Rozina. Wateja walikuwepo, walicheka vizuri, na nikaona nimesema kwa ufundi. Halafu nikamtuliza. Nikamweleza kwamba kitu nisichokijali mimi nakisifu tu, kipite. Akasema basi afadhali nisimjali.

Bi Mwanahalima alikuwa dirishani. Alisikia. Akaniuliza kama nilimpa Polikarpi kahawa kabla ya kuanza. Nilimwambia Polikarpi si mgeni, ni jirani tu, na zaidi ya hayo punje zilikuwa zimebaki chache. Alinitazama muda mrefu, akafunga dirisha. Pengine alikuwa na usingizi.

Jumanne, 25 Novemba

Ajabu ya leo. Nimefika kibarazani asubuhi, upande wa Polikarpi ni mtupu. Hakuna spana, hakuna pampu, hakuna beseni la maji. Nimetazama ng'ambo. Yuko kule, chini ya bati la Kahigi, amening'iniza tairi zake, anamfukuza kuku.

Nilimpigia kelele kwamba panavuja. Alijifanya hasikii.

Mvua imeanza sasa hivi na analowa. Sielewi kabisa. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, anaacha mahali pakavu na rafiki yake kwa sababu ya maneno tu! Nimemsikitikia. Nimeamua kumwandikia Inspekta Zege sura mpya kuhusu mtu wa namna hiyo, ili Polikarpi ajifunze. Nitaisoma Jumapili, mbele ya watu wote, kwa sauti ifike ng'ambo.